Umejaribu ya Nairobi na umejaribu ya Hamburg

Nilipoacha kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee hapa Hamburg, nilipewa barua ya ukurasa mzima. Ilisema nimejitahidi, ni mchangamfu, na kazi yangu imewaridhisha. Nikamfasiria mama kwa simu, naye kule mtaa wa Umoja, Nairobi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mwenzangu wa Kisumu, aliyekaa huku miaka mingi, aliisoma akanirudishia polepole. "Dadangu, hawa wamekuchoma."

Kumbe barua hizi zina lugha yake. Mwajiri Mjerumani analazimika kumpa anayeondoka barua, na mahakama zinataka iwe ya kweli na isimharibie njia. Kwa kuwa hawezi kukusema vibaya waziwazi, amejenga ngazi ya sifa. Aliye juu kabisa huandikiwa kwamba daima amewaridhisha kikamilifu kabisa. Ukitoa "daima" umeshuka, ukitoa "kikamilifu" umeshuka tena, na "ameridhisha" tupu ni karibu na kufeli. Mchangamfu? Huenda anapenda chupa. Na "amejitahidi" maana yake kazi ilimshinda. Kwetu ukiambiwa "umejaribu" unatabasamu. Huku ndiyo kaburi lako. Ajabu ni kwamba kifungu cha 109 cha sheria yao ya biashara kinakataza mafumbo ya aina hiyo.

Nilidai irekebishwe. Barua zilienda na kurudi wiki sita, nikaongezewa "daima". Ningeweza hata kushtaki, ingawa tangu hukumu ya 2014 ya mahakama kuu ya kazi, anayetaka alama zaidi ya wastani lazima athibitishe mwenyewe.

Sasa nakumbuka barua niliyopewa Nairobi nikitoka kwenye kampuni moja ya Industrial Area. Mistari mitano! Jina la kampuni na sanduku la posta, jina langu, tarehe ya kuanza, kazi na mahali, tarehe ya kuondoka. Nilimwona bosi mchoyo wa maneno. Kumbe alifuata kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 neno kwa neno. Hicho ndicho cheti cha utumishi, na aliyefanya kazi wiki nne mfululizo ana haki nacho. Sifa ni hiari ya mwajiri, cheti si hiari: anayekinyima makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili.

Mimi naipenda ile mistari mitano. Haikupaki rangi wala haikuchomi. Babu zetu, enzi za ukoloni, walivaa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kina alama za vidole na majina ya waajiri, na bila mzungu kutia sahihi hukwenda popote. Baada ya hayo, karatasi isiyosema tabia yako ni heshima.

Shida ya Nairobi si karatasi, ni simu. Unaandika wadhamini watatu, mwajiri mpya anampigia bosi wa zamani, na unasikia tu ukimya. "Huyo? Ni mtu mzuri, lakini..." Kilichofuata baada ya "lakini" hutakijua kamwe. Niliwahi kufanya usaili Westlands, wakaniambia nianze Jumatatu. Jumapili jioni wakasema nafasi imejazwa. Mjerumani angalau alinichoma kwa maandishi, nikapata pa kumshikia.

Binamu yangu alikuwa muuzaji katika duka moja la simu Luthuli Avenue. Alipoondoka alinyimwa cheti, eti "ameondoka vibaya". Nimesoma kifungu chote, hakuna neno "vibaya" ndani yake. Nikamwambia akinakili kifungu hicho kwa mkono, ampelekee bosi bila kelele. Amekwenda jana. Ameambiwa arudi Ijumaa, na safari hii bosi alimwita madam.