Niliuliza Habari za Kalvati, Nikaulizwa Chama

Leo asubuhi nimekwenda dukani kwa Mangi kununua nusu kilo ya sukari, kama afanyavyo raia yeyote mwenye akili timamu na mfuko usio na uhakika, na kabla hata sijamaliza kuitikia shikamoo ya watoto waliokuwa wamepanga foleni ya maandazi, Mangi alinitazama juu ya miwani yake na kuniuliza, mbele ya wateja wote, kama ni kweli kwamba siku hizi nimehamia upande ule. Nilimuuliza ni upande upi. Akanijibu, "Mzee wangu, usinifanye mtoto, sisi sote tumekusikia redioni." Kisha daftari la madeni, ambamo jina langu limeishi kwa heshima zake zote tangu duka lile lilipofunguliwa, likafungwa taratibu na kuwekwa chini ya mzani. Sukari nimelipia taslimu. Narudia kwa faida ya waliochelewa: taslimu, na mwezi uko katikati.

Ningependa kulieleza jambo hili kwa utulivu unaomfaa mtu wa umri wangu. Mimi ni msikilizaji wa redio wa siku nyingi. Nimelelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam, katika nyumba ambayo betri zilianikwa juani mchana kutwa ili taarifa ya habari ya saa mbili usiku isikike mpaka mwisho, na yalipofuata Mazungumzo Baada ya Habari hakuna mtoto aliyethubutu kukohoa. Sidai kwamba zamani ile ilikuwa pepo. Hakukuwa na ugomvi redioni kwa sababu hakukuwa na wa kugombana naye: chama kilikuwa kimoja, redio ya taifa ilikuwa moja, na mwenye maoni tofauti aliyatunza kifuani pamoja na kikohozi chake. Ndiyo maana vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi, mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi kwa dhati, na niliposikia kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida akipiga simu studio na kumuuliza kiongozi bei ya mbolea, na kiongozi akababaika hewani bila msaidizi wa kumnong'oneza, nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi.

Sasa tuje kwenye hiki kipindi cha asubuhi, cha redio moja ya hapa Arusha ambayo jina lake nitalisitiri kwa kuwa mimi bado ni mstaarabu. Kina mtangazaji mmoja, kijana mwenye sauti nzito kuliko umri wake, na kina wageni wawili wa kudumu, mmoja wa chama hiki na mwingine wa chama kile. Wa kwanza huja na makabrasha ambayo tunasikia akiyapekua lakini hatujawahi kusikia akiyasoma, na wa pili hucheka kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Wanaitwa wachambuzi. Wanachochambua, kwa kadiri ninavyoweza kukadiria, ni ukoo, sura, mwendo na nia ya yeyote asiyekubaliana nao.

Mimi shida yangu ilikuwa kalvati. Kalvati la njia ya kwetu lilisombwa na mvua za masika, na tangu hapo wakazi tunavuka kwa ubao ambao wenye miili mikubwa tunauheshimu sana. Bodaboda wanatoza nauli ya kutufikisha kwenye ubao na nyingine ya kutuvusha, kana kwamba tunakwenda Unguja. Nilikwisha kwenda kote ambako mwananchi huambiwa aende, nikaambiwa njoo Jumatatu na watu walioonekana kufahamu vizuri kwamba Jumatatu hawatakuwepo. Kwa hiyo siku mtangazaji aliposema laini ziko wazi na mada ya leo ni kero za wananchi, nilinunua vocha, nikavaa shati la mikono mirefu (sijui kwa nini) na nikapiga.

Simu ilipokelewa. "Hallo, msikilizaji, karibu, punguza sauti ya redio yako." Nikamwambia redio yangu imezimwa. "Msikilizaji, tunajisikia, punguza redio." Nikamwambia kwamba redio anayoisikia ni ya jirani yangu, na nyingine ni ya fundi viatu, na ile yenye kukwaruza ni ya kijana anayechomelea mageti, kwa sababu mtaa mzima wakati huo unasikiliza kipindi chake, jambo ambalo nilidhani lingemfurahisha. "Basi mwombe jirani apunguze." Nikatoka nje, simu sikioni, salio likiyeyuka, nikamsihi jirani kwa ishara za mikono. Jirani akakataa katakata, akasema nimwache kidogo kwanza, anataka kumsikia huyo mpigaji simu anayesumbuliwa na mwangwi.

Hatimaye nilijificha bafuni na nikauliza swali langu, ambalo nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi ili lisipotoke: "Naomba kujua kalvati la mtaani kwetu litajengwa lini." Ni swali fupi. Jibu lake linaweza kuwa tarehe, linaweza kuwa mwezi, linaweza hata kuwa "hatujui, mzee, tuvumiliane," nami ningeshukuru na kukata simu.

Studio ikawa kimya. Kisha yule wa makabrasha akasafisha koo na kusema kwamba kabla ya kulijibu swali hilo angependa wananchi wajiulize ni nani amemtuma mzee huyu. Yule wa kucheka akacheka, akasema hapo ndipo wenzake wanapokosea, mzee wa watu analia njaa, mzee wa watu amekata tamaa, mzee wa watu machozi yanamtoka. Naomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba sikuwa nalia. Nilikuwa bafuni, kuna mwangwi. Wa makabrasha akasema kwamba kusombwa kwa kalvati ni ushahidi wa maendeleo, kwa sababu miaka ya nyuma mtaa ule haukuwa hata na kalvati la kusombwa. Mwenzake akasema kalvati lile lilikuwa la kisiasa tangu siku ya kwanza, na saruji yake ilikuwa ya kisiasa. Wakaingia katika suala la nani alilijenga, nani alilizindua, nani alikuwepo siku ya kulizindua akala pilau na leo anajifanya halijui. Nikasema, samahani waheshimiwa, naulizia lini. Wa makabrasha akaniuliza kwa ukali: "Mzee, lilisombwa au lilihujumiwa?" Nikasema lilisombwa. Wote wawili, kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu kipindi kianzishwe, wakasema, "Mmesikia wenyewe!"

Ndipo mtangazaji, ambaye kazi yake pale nilidhani ni kuamua ugomvi, aliponiuliza kwa sauti ya mtu anayefika kwenye kiini cha jambo: "Kwa kifupi, mzee wangu, wewe uko upande gani?" Mimi, kwa kuwa nilikuwa bado nazungumzia kalvati, nilijibu kwa unyofu kabisa, "Mimi niko upande ule, na tuko wengi." Nilimaanisha ng'ambo ya ubao. Salio likakatika hapo hapo.

Nilibaki na simu iliyokufa mkononi nikisikiliza, kupitia redio ya jirani, hatima yangu ikijadiliwa. Msikilizaji kutoka Ngaramtoni alisema wazee wa namna yangu ndio chawa wanaoiangamiza nchi. Msikilizaji kutoka Usa River alisema mimi ni shujaa na nilindwe. Mwingine alidai anaifahamu sauti yangu, kwamba mimi si mzee hata kidogo, bali ni kijana wa kulipwa anayekaa Kijenge. Mmoja wa Moshi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alipiga kutukumbusha kwamba Moshi ni mji msafi. Mama watoto aliyekuwa jikoni akaniambia kwamba kama nilikuwa na hamu ya kutukanwa bure ningemwambia yeye, asingenitoza vocha.

Mpwa wangu anayesomea uandishi wa habari, na ambaye huja kwetu hasa nyakati za chakula, alinifariji kwa kunieleza kwamba ugonjwa huu si wetu peke yetu. Marekani, anasema, walikuwa na kanuni tangu mwaka 1949 iliyovitaka vituo vya utangazaji vijadili mambo yenye utata na kuzipa nafasi pande zinazotofautiana. Mwaka 1987 tume yao ya mawasiliano ikaifuta, na mwaka uliofuata bwana mmoja aitwaye Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima kwa kipindi cha upande mmoja, akapata utajiri mkubwa, na wengine wengi wakafuata nyayo. Nilimjibu mpwa wangu kwamba wale angalau walitenganisha matusi, kila mtu akasikiliza ya upande wake. Sisi tumewaweka wote studio moja, tumewapa kila mmoja kipaza sauti chake, na tunaita mizani. Mimi nimepata matusi ya pande zote mbili kwa vocha moja.

Kinachonikera, na hapa naomba niruhusiwe kuinua sauti kidogo, ni kwamba haya yanafanyika Arusha. Mji huu! Hapa hapa, kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda kwa takribani miaka 20, mpaka ikafunga shughuli mwishoni mwa mwaka 2015, na sisi wenyeji tunachokikumbuka ni kodi za nyumba za Njiro zilizokuwa zikilipwa kwa dola. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waasisi wa RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, pamoja na mhariri wa gazeti Hassan Ngeze. Miaka mitatu kabla yake ilikuwa imemfunga miaka 12 mtangazaji wa redio hiyo, Mbelgiji Georges Ruggiu, aliyekiri makosa. Redio ile ilipoanza mwaka 1993 watu waliipenda. Ilikuwa na muziki mzuri, na watangazaji wake walikuwa wachangamfu na wenye utani. Sisemi kwamba tumefika huko. Mungu apishe mbali. Nasema kule watu waliitwa mende hewani, huku mimi nimeitwa chawa kwa sababu ya kalvati, na kijana mwenye sauti nzito, badala ya kukemea, alicheka, akaweka tangazo la magodoro, kisha akasema "asante kwa mchango wako." Mchango gani? Huyu kijana alizaliwa wapi? Hajawahi kupita mbele ya jengo lile hata kwa kifodi?

Nimetulia.

Baada ya kipindi kile nilipata wageni. Walitangulia watu wa chama kimoja, wakiwa na kamera, wakaniomba nisimame kwenye ubao nitabasamu. Jioni wakaja wa chama kingine, wakaniomba nisimame kwenye ubao ule ule, ila nihuzunike, na mmoja wao akanionyesha namna ya kushika shavu. Nilipowauliza wote, kila kundi kwa wakati wake, kama wangeweza kutuletea japo ubao wa pili ili wanaokwenda wasigongane na wanaorudi, waliandika jambo hilo kwenye simu zao na kuniambia nisikilize redio kesho. Kesho yake nilisikiliza. Wa makabrasha alisema nilitabasamu. Wa kucheka alisema nilishika shavu. Mjadala wa uso wangu ulichukua saa nzima, pamoja na mapumziko ya matangazo, na watu ambao hawajawahi kuniona walieleza kwa undani jinsi ninavyofanana. Wale vijana wa bodaboda sasa huniita Mheshimiwa Kalvati na wamenipandishia nauli, kwa hoja kwamba mtu mwenye chama nyuma yake hawezi kukosa mia tano.

Kwa hiyo nimehama. Nimehamia vipindi vya michezo. Zamani ilikuwa kinyume: mtu aliyechoshwa na kelele za Simba na Yanga alikimbilia mazungumzo ya siasa ili apate utulivu na lugha sanifu. Siku hizi wachambuzi wa mpira ndio waliobaki na adabu. Mtu akisema goli lilikuwa la kuotea, anaulizwa ni dakika ya ngapi, beki wa mwisho alikuwa wapi, mguu upi ulitangulia, na asipokuwa na jibu anaambiwa wazi kwamba hakuitazama mechi. Shabiki wa Yanga anaweza kukiri hewani kwamba kipa wa Simba alidaka vizuri, na hakuna anayemuuliza ametumwa na nani. Niliwasikia juzi wakijadili kona moja kwa muda mrefu na kwa uadilifu mkubwa, nikajikuta natamani kalvati letu lingekuwa ndani ya eneo la penalti.

Jana usiku, wakati naanza kusinzia, mtangazaji wa michezo alitangaza kwamba kuanzia wiki ijayo kipindi kitaongezewa ladha, na watakuwa na mgeni maalumu wa kudumu atakayechambua masuala ya ligi kwa jicho la kitaifa. Wakamkaribisha asalimie wasikilizaji. Kabla hajafungua mdomo, nilisikia makabrasha yakipekuliwa.