Kisiwa cha nyoka: Massachusetts walikataa, sisi tungekubali?

Kila nikivuka na feri ya Likoni siku hizi, namkumbuka nyoka ambaye hayuko Mombasa wala hajawahi kuwapo. Ni yule mwenye njuga mkiani, wa misitu ya mashariki ya Marekani, ambaye akikasirika hulitikisa lile fundo la mkia likalia kama kayamba. Ugomvi juu yake ulitokea mbali, katika jimbo la Massachusetts. Lakini ni ugomvi wa kisiwa na bara, wa wataalamu na wenyeji, wa mnyama anayekwisha na mtoto anayecheza nje. Hayo sisi tunayajua bila kufundishwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Idara ya wanyamapori ya jimbo hilo ilipendekeza kuwaachia nyoka hao kwenye kisiwa cha Mount Zion, ndani ya bwawa la Quabbin, linalowapa maji watu wa Boston. Kisiwa kina ekari 1,400 hivi, zaidi ya theluthi moja ya kisiwa chetu cha Mombasa, na raia hawaruhusiwi kukikanyaga. Wachanga wangelelewa kwanza kwenye bustani ya wanyama ya Roger Williams Park, mjini Providence, hadi wapate mwili, kisha wachache wangeachiwa kila mwaka, mpaka siku moja wafike 150. Mwaka 2016 ikaitishwa mikutano ya hadhara. Wakazi wakaja juu. Mwaka 2017 mpango ukasimamishwa.

Nilipowasimulia wenzangu barazani, Mji wa Kale, nilijibiwa kabla sijamaliza: "Wamekwisha, alhamdulillahi. Sasa warudishwe wa nini?"

Swali hilo linastahili jibu. Nyoka huyu huzaa polepole mno. Jike hukaa miaka 7, hata 10, kabla ya uzazi wa kwanza, halafu hupita miaka 3 au zaidi kabla ya wa pili. Hatagi mayai, huzaa watoto. Baridi ikikaribia hurudi kwenye pango lilelile la mawe, yeye na wenzake, miaka nenda miaka rudi, na tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Zamani miji ya eneo la New England ililipa pesa kwa kila nyoka aliyeuawa, na mwindaji aliyelijua pango moja alikuwa ameujua ukoo mzima. Massachusetts wakabaki kama 200 tu, katika sehemu 5 zilizotengana, na juu ya hapo ukazuka ugonjwa wa kuvu unaokula ngozi ya nyoka. Kundi dogo namna hiyo likipoteza majike machache kwa fimbo za wapita njia, halina pa kupata mengine.

Watetezi walikuwa na hoja nyingine iliyopendwa sana, ya kupe. Panya wa msituni hubeba kupe, kupe huwaambukiza watu ugonjwa wa Lyme, na nyoka hula panya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walikadiria kuwa nyoka mmoja wa aina hii huondoa kupe 2,500 hadi 4,500 kwa mwaka. Hesabu inavutia, lakini naiona haisaidii kesi hii. Kisiwa ambacho watu hawaendi hakina wa kuumwa na kupe. Aliyewaambia wakazi kwamba nyoka wa Mount Zion wangewapunguzia Lyme alikuwa akiuza bidhaa ambayo haiko dukani. Hoja yenye uzito ni ya akiba: sehemu zile 5 zikipatwa na ugonjwa au moto, liwepo kundi la sita mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Hiyo peke yake ilitosha, na ingesemwa hivyo, waziwazi, pengine watu wangeisikiliza.

Sasa upande wa pili. Wakazi walisema nyoka huogelea, na kwamba kisiwa hicho kimeungwa na bara kwa tuta. Yote mawili ni kweli. Wataalamu wakajibu kuwa nyoka atakayevuka hatakuwa na pango la kujificha, na baridi ya huko itamuua. Ni jibu la kitaalamu, na linamtuliza mtaalamu. Mzazi aliyesimama ukingoni mwezi wa Julai, kwenye joto, anasikia kwamba nyoka atakufa Desemba.

Lakini woga wa sumu haukuwa peke yake, na hapa ndipo wengi wanaowacheka wale wakazi wanapokosea. Watu walihofia kwamba mtu mmoja akiumwa, au nyoka mmoja akiuawa, serikali itafunga njia za kutembea na sehemu za kuvulia samaki, kwa sababu mnyama huyo analindwa na sheria. Hofu hiyo haikutoka hewani. Ili bwawa la Quabbin lijengwe, miji 4, Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilifutwa rasmi mwaka 1938. Watu walihamishwa, hata makaburi yakafukuliwa na kupelekwa kwingine, ili Boston wanywe maji. Serikali ileile inaporudi na ramani nyingine mkononi, ya nyoka safari hii, mwenyeji haoni nyoka. Anaona ramani. Mtu wa Pwani aliyewahi kukuta jiwe la mpaka limepandwa katika shamba la babu yake hahitaji kuelezwa zaidi.

Barazani mzee mmoja alitaja hadithi ya Mtume inayoruhusu kuua nyoka na nge hata mtu akiwa ndani ya swala. Ipo. Kisha yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akaleta ile ya nyoka wa majumbani Madina: kwamba waonywe siku 3 kwanza. Akanyamaza, akamalizia kahawa yake. Nilipenda kwamba hakuiacha ile ya pili nyumbani.

Mimi mwenyewe woga huu nimeuona kwa karibu. Shangazi yangu wa Likoni alimwita mkwezi amwangulie nazi. Kijana alipofika katikati ya mnazi akasimama, akaita taratibu, "Kuna nyoka kwenye makuti." Akateremka bila haraka. Nyoka naye akateremka, wa kijani, mwembamba kama kidole, urefu wake haufiki hata mita moja, na kabla hajagusa mchanga vijana wa jirani walikuwa wamemaliza kazi kwa ufito. Mkwezi akamgeuza kwa ncha ya kisu. "Ukukwi," akasema. "Tazama jicho lilivyo kubwa. Hongo jicho lake dogo, na kichwa kirefu kama jeneza." Hongo ni yule wa kijani mwenye sumu kali, mkaazi wa miembe na mikorosho yetu ya Pwani, ukukwi hana madhara kwa mtu, hula mijusi na vyura. Nikamwambia shangazi kwamba wameua asiye na kosa. Akanitazama. "Kwani ulitaka tumuulize jina kwanza?"

Sikuwa na la kumjibu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtaa wa shangazi una walioumwa.

Kuna mahali ambapo kuwarudisha nyoka kulifanikiwa, na ni vizuri kuangalia kwa nini. Katika Antigua, visiwa vya Karibi, wenye mashamba ya miwa waliingiza nguchiro katika karne ya 19 ili wale panya. Panya hutembea usiku, nguchiro hutembea mchana, na nyoka wa asili wa Antigua naye ni wa mchana. Nguchiro wakala nyoka. Mwaka 1995 walibaki kama 50 tu, wote kwenye kisiwa kimoja kidogo, Great Bird, na hata hapo panya waliwashambulia. Mwaka huohuo panya wa kisiwa hicho waliangamizwa. Baadaye visiwa vingine vya jirani vikasafishwa, nyoka wakapelekwa huko, na leo wamepita 1,000.

Nyoka wa Antigua hana sumu ya kumdhuru mtu, kwa hiyo kumtetea ni kazi nyepesi. Lakini kilichonigusa zaidi ni mpangilio. Waliondoa kwanza kilichowaua nyoka, ndipo wakawarudisha. Quabbin kilichowaua nyoka ni watu na chuki yao, na hicho hakikuguswa. Wataalamu walidhani kisiwa kitafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mazungumzo.

Tuje nyumbani. Tuseme kesho itangazwe kwamba nyoka adimu mwenye sumu atarudishwa katika msitu mmoja wa Kwale au Kilifi. Hapa hesabu inabadilika kabisa. Marekani watu 7,000 hadi 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wanaokufa ni kama 5. Si kwamba nyoka wao ni wapole. Dawa ipo na barabara ipo. Duniani kote Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, wengi wao wakulima na watoto wa Afrika na Asia. Shirika hilo liliingiza suala la kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017 tu. Na mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa, Sanofi Pasteur, iliacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa iliyofaa dhidi ya nyoka wengi wa bara letu. Chupa za mwisho ziliisha muda wake 2016. Kampuni ilisema biashara hailipi. Mgonjwa wa Kinango hakuulizwa.

Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 iliwataja nyoka wenye sumu miongoni mwa wanyama ambao serikali ingelipa fidia kwa madhara yao, Sh5 milioni kwa aliyekufa. Tangu hapo imekuwa mvutano kama wabaki kwenye orodha au waondolewe, huku madai ya fidia yakirundikana ofisini. Kwa hiyo anayesema "tuwarudishe" hapa kwetu anazungumza na watu ambao bado wanadai deni la nyoka waliopo.

Tena kuhamisha mnyama si jambo dogo hata kwa wenye uzoefu. Mwaka 2018 vifaru 11 weusi walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki, na wote 11 wakafa, wengi wao kwa sababu ya maji yenye chumvi kupita kiasi. Kifaru ana walinzi, ana wafadhili, ana daktari wake. Nyoka ana nani?

Pamoja na hayo siungani na wale wa "wamekwisha, alhamdulillahi". Nyoka wa njuga alikuwa katika misitu ile kabla ya Boston kuwa mji. Kumwacha afe kwa sababu hatumpendi ni kujipa mamlaka ambayo sidhani tunayo. Laiti ningekuwa mkazi wa Quabbin, ningeunga mkono kisiwa kile, kwa masharti ambayo ningetaka yaandikwe kabla nyoka wa kwanza hajatoka Providence: kwamba njia na sehemu za uvuvi hazitafungwa kwa sababu yake, na kwamba wenyeji watakaa kwenye meza ya maamuzi, si kwenye viti vya wasikilizaji. Mwaka 2016 waliitwa kusikiliza mpango ambao tayari ulikuwa na kisiwa chake na idadi yake.

Kwa Pwani yetu ningesema bado. Si kwamba nyoka wetu hawastahili. Misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, ilisimama karne nyingi bila uzio kwa sababu wazee walikataza kukata hata kijiti, na watu wakatii mwiko wao wenyewe. Nyoka wengi wamesalimika humo chini ya ulinzi ambao hakuna ofisi iliyoulipia. Hifadhi ya namna hiyo ningeitetea leo. Kuleta nyoka mwenye sumu mahali alipokwisha, ningesubiri mpaka dawa ikae kwenye friji ya zahanati iliyo karibu na msitu huo, na muuguzi ajue kuitumia.

Shangazi nimemsomea haya. Amekataa karibu yote, isipokuwa la friji. Mkwezi wake bado anakuja kila baada ya miezi kadhaa, na tangu siku ile ana desturi mpya: kabla ya kufunga kamba miguuni, huligonga shina la mnazi mara tatu kwa bapa la kisu, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja.