Muziki wa Mlimani: Nani Anaingia Getini, na kwa Kazi Gani?

Boom, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likishatoka, Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapakosi bash, sherehe ya muziki ya usiku. Viongozi wa wanafunzi wanatafuta mdhamini, mdhamini analeta msanii wa bongo fleva anayetamba, spika zinapangwa hadi juu, na kesho yake ubishi unaanza upya. Wapo wanaosema chuo si ukumbi wa starehe, na kwamba mzazi hakuuza ng'ombe ili mwanawe akeshe akirukaruka. Wapo wanaojibu kwamba kijana anayeshinda darasani na maktaba wiki nzima ana haki ya kucheza usiku mmoja, tena afadhali achezee ndani ya geti kuliko kuufuata muziki huohuo Sinza saa nane za usiku na kurudi kwa bodaboda.

Pande zote mbili zina hoja, ila zinagombania usiku mmoja na kuuacha mwaka mzima. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mitaa inayokizunguka, ninachokiona kikubwa zaidi ni mwanamuziki anaingia getini kufanya kazi gani. Anaweza kuja kuburudisha, akalipwa na kuondoka. Anaweza kuitwa, au kufuatwa kwake, ili ahojiwe na mtafiti. Au anaweza kuja kufundisha. Njia mbili za kwanza chuo kimezizoea. Ya tatu ni nyembamba mno, na nadhani hapo ndipo muziki wa Mlimani unapopungukiwa, wala si kwenye bash.

Tukumbuke tulikotoka. Desemba 10, 1962, Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Akalalamika kwamba wengi wamejifunza kucheza rumba, chachacha, hata waltz, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza, au waliowahi hata kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama? Chuo kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kianze kwa wanafunzi wachache wa sheria mtaa wa Lumumba. Kilihamia mlimani 1964. Mwaka 1967 kikaanzisha masomo ya sanaa za maonyesho, na muziki ukaungana nayo katika muongo uliofuata. Kwa hiyo ngoma iliingia chuoni ikiwa na kazi ya kisiasa mgongoni: kumrudishia msomi kile ambacho shule ya mkoloni ilimnyang'anya. Si kazi ndogo, na chuo hakikuishindwa. Wanafunzi wa sanaa wamejifunza ngoma za makabila ambayo wasingeyafikia kamwe kwa nauli zao, na walimu wao wameandika juu ya muziki wa nchi hii mambo ambayo hakuna mwingine angeyaandika. Profesa Imani Sanga, kwa mfano, ameuchambua muziki wa injili wa Dar es Salaam na ule wa Remmy Ongala kwa uzito uleule ambao wengine huutunza kwa ajili ya riwaya.

Sasa upande wa wapenda utulivu. Nisiupuuze, maana una haki kuliko unavyopewa. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018 inachukua wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Hao hawajaja kusikia besi ikitetemesha vioo. Mabweni yamejaa, wengine wanalala ili waamkie mtihani, na nje ya uzio kuna familia za Savei, Msewe na Changanyikeni ambazo hazikuulizwa. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imewahi kuzifungia baa za jiji kwa sababu ya kelele; sioni kwa nini taasisi ya elimu ya juu idhani sauti yake ni ya heshima zaidi kuliko ya baa. Ila hoja hii inahusu saa na ukubwa wa sauti, haiuhusu muziki wenyewe. Anayeitumia kuzuia kila onyesho anachanganya mambo mawili.

Hoja nzito dhidi ya bash ni nyingine, na haisemwi sana: mdhamini ndiye anayechagua. Anayelipia jukwaa anataka jina ambalo tayari linasikika redioni kutwa, kwa hiyo mwanafunzi anapewa tena kile alichonacho kwenye simu yake, kwa sauti kubwa zaidi na mabango pembeni. Watetezi wa bash watauliza: bila mdhamini nani atalipa? Swali zuri. Maonyesho ya wanafunzi wa sanaa, ambayo mengi ni sehemu ya mtihani wa vitendo, hayana mdhamini, na watazamaji wake mara nyingi ni wanafunzi wenzao na mwalimu mwenye kalamu. Muziki unaochezwa mbele ya mwenye kutoa alama una ugonjwa wake: hakuna anayethubutu kukosea, na hakuna anayeinuka kumtunza mwimbaji.

Turudi kwa majirani wa chuo. Mwaka 1978, katika baa ya Mlimani Park, ilianzishwa bendi iliyochukua jina la baa hiyo, nayo ndiyo tunayoiita Sikinde mpaka leo. Walikuwamo Abel Balthazar, Muhidin Maalim Gurumo, Hassani Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule, na King Michael Enoch aliyekwisha kupita Dar es Salaam Jazz. Huo ulikuwa wakati ambao bendi ilimilikiwa na mwajiri: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Bima Lee ya shirika la bima. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mashirika, majeshi na chama walikuwa na bendi. Chuo kikuu kilikuwa na idara.

Nikisema elimu ya Sikinde simaanishi sifa za kupakana mafuta. Tazama wimbo wa dansi unavyotungwa. Mtunzi analeta maneno na sauti yake mazoezini. Mpiga solo anatafuta pa kuingilia, wa rizimu anashika njia, wa besi anajibu, wapuliza saksafoni na tarumbeta wanasubiri mwanya wao. Nusu ya kwanza inakwenda taratibu ili maneno yasikike, maana watu wamekuja kusikia kisa. Kisha wimbo unageuka, magitaa yanasukana, na chemko linaanza. Hakuna nota iliyoandikwa hata moja. Kila mtu anatunga sehemu yake akiwa amewasikiliza wenzake, na kosa linaonekana palepale kwa sababu watu wanarudi vitini. Somo la upangaji wa muziki kwa njia hiyo lingejaza mihula miwili bila kuchosha. Gurumo alifariki Aprili 2014, na vingi alivyovijua sasa tunavipata kwa kusikiliza kanda tu.

Kwa nini mtu kama huyo asikabidhiwe darasa? Kwa sababu ngazi ya ajira ya chuo haina kipandio chake. Mhadhiri anatakiwa kuwa na uzamivu, na hata anayeanza chini kabisa anaingia kwa shahada na alama za juu. Hapa wanaoitetea ngazi hiyo nao wasikilizwe. Bila vigezo, nafasi ya "fundi wa muziki" ingekuwa ya mjomba wa mtu. Tena si kila anayepiga vizuri anajua kufundisha. Wapo mafundi ambao jibu lao kwa kila swali ni "sikiliza tu". Na kusoma nota si utumwa wa kizungu kama wengine wanavyodai. Marehemu John Mgandu alifundisha muziki hapo chuoni, na nyimbo zake zinaimbwa na kwaya za Kikatoliki za parokia ambazo hakuzifikia, kwa sababu ziliandikwa zikasomeka.

Kwaya, kwa kweli, ndizo zinazoaibisha ubishi wetu wote. Wakati sisi tunabishana kama chuo na mtaa vikutane, wao walishakutana zamani: mwanafunzi wa uhandisi anaimba besi jirani na fundi cherehani wa Msewe, mazoezi jioni kadhaa kwa wiki, sare moja. Madufu ya qaswida nayo yana mikusanyiko yake. Hawakuomba kibali cha idara yoyote.

Mfano wa mzee asiye na cheti kuwa mwalimu hatuhitaji kuutafuta mbali. Hukwe Zawose aliitwa kutoka Ugogo katika miaka ya 1960, akaingia kikundi cha ngoma cha taifa, kisha akaishi na kufanya sanaa yake Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianzishwa 1981. Zeze na ilimba vya Kigogo vinachezwa leo na vijana wasio Wagogo kwa sababu yake na wenzake. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanza 2002 pale Forodhani kiliwaweka mafundi wa taarab wafundishe ala za kanuni, udi na fidla bila kuwauliza shahada. Lakini chuo hicho kimeishi kwa kutegemea wafadhili, na kimewahi kufika ukingoni mwa kufungwa fedha zilipokauka. Chuo kikuu cha umma kina bajeti na nguvu ya sheria. Kinachokosekana ni kifungu cha kumlipa mtu kwa saa anazofundisha, tofauti na ngazi ya wahadhiri, kwa mkataba wa muhula mmoja unaoweza kukatishwa akionekana hajui kufundisha. Fedha zake ni kidogo kuliko za jukwaa la bash moja. Mhadhiri abaki na silabasi na mtihani, fundi abaki na gitaa.

Pingamizi moja linaniumiza kichwa zaidi. Ngoma ikipandishwa jukwaani hubadilika. Ya mavuno inachezwa bila mavuno, ya unyago inachezwa mbele ya wanaume, ya usiku kucha inakatwa ikawa dakika kumi. Ukimwajiri mzee aifundishe, unamlipa aiharibu kwa utaratibu. Jibu langu ni kwamba wazee wenyewe hujua kipi cha kuonyesha na kipi cha kubakiza nyumbani, wakiulizwa. Mwanafunzi anayejifunza kwa video hana wa kumwambia "hii usicheze hapa".

Lipo pia suala la singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, ambalo wengi wangependa nisiliguse. Hosteli ya Mabibo ya chuo hichohicho iko jirani kabisa na Mburahati na Manzese, mitaa iliyoulea muziki huo. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso ya Mburahati, na vijana wake wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Anayeshutumu maneno machafu na fujo za vigodoro, ngoma za mtaani za kukesha, hasemi uongo. Anayesifu ubunifu wa kuchukua kipande cha taarab au mchiriku, kukikimbiza kwa kasi ya zaidi ya midundo 200 kwa dakika kwenye kompyuta chakavu, naye hasemi uongo. Kwa sasa kijana huyo chuo kinamjua kama mada: anahojiwa, anarekodiwa, mwandishi anapata shahada. Aje aonyeshe darasa jinsi anavyokata kipande kile, alipwe kama mgeni mwingine yeyote wa taaluma.

Na tamasha? Maonyesho ya wazi kwa majirani yanaweza kufanyika saa kumi jioni, kiingilio bure kwa watu wa Msewe na Changanyikeni, na maktaba isisikie kitu. Dansi itakaa vizuri saa hiyo, taarab pia, kwaya bila shaka. Singeli saa kumi jioni, mbele ya viti vya plastiki vilivyopangwa safu, ni kitu kingine kabisa, na watu wa Mburahati watakuwa wa kwanza kukwambia.