Simu kwenye usukani: anayepiga naye aulizwe

Ukianza mjadala wa vijana wanaoendesha huku wakishika simu, jibu huwa limeshaandaliwa: faini ipandishwe, leseni ichukuliwe. Jibu hilo lina uzito wake. Uingereza, tangu 2017, kukamatwa na simu mkononi ni pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kwa dereva ambaye hajamaliza miaka 2 na leseni yake, pointi 6 zinatosha kuipoteza. Jimbo la New South Wales, Australia, liliweka kamera za kuwanasa wenye simu mwaka 2019. Hofu ya kukamatwa hufanya kazi, na siibezi.

Hatari yenyewe haina ubishi. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha yuko karibu mara 4 zaidi katika hatari ya kupata ajali. Ila namba isiyoniacha ni nyingine. Watafiti wa Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, katika matokeo ya mwaka 2009, waliwatazama madereva wa malori kwa kamera na kukuta kwamba anayeandika ujumbe huyatoa macho barabarani sekunde 4.6 katika kila kipande cha sekunde 6. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni zaidi ya mita 100. Ndani ya mita hizo mtoto anashuka ukingoni, pikipiki inachomoza, gari la mbele linawasha taa za breki na kusimama. Aliyekuwa akiandika "nakuja" hakuona hata kimoja, na akiinua uso bado anahitaji muda wa kuelewa anachokiona kabla mguu haujafika kwenye breki. Dereva mgeni, ambaye bado anajifunza kuisoma barabara, unamchukua muda zaidi.

Wanaotegemea faini pekee wanadhani kijana hajui haya. Anajua. Kinachomshinda ni ule mlio. Amekulia mahali ambapo tiki mbili za buluu bila jibu ni dharau, na anayesubiri jibu mara nyingi si rafiki wa kupiga naye soga. Ni mama: "Umefika wapi?" Utafiti uliowasilishwa Marekani mwaka 2014 uliwakuta vijana wengi wanaoongea na simu wakiendesha wakisema upande wa pili yuko mzazi. Mzazi huyo anapiga kwa upendo kabisa. Asipopokelewa, wasiwasi unapanda, anapiga tena na tena, na kijana anaona kumwacha mama yake roho juu ni kosa kubwa kuliko kupokea.

Hapo faini inaishiwa nguvu. Mwaka 2010 taasisi moja ya takwimu za bima Marekani ilichunguza majimbo 4 yaliyopiga marufuku kuandika ujumbe, ikakuta madai ya fidia ya bima kwa ajali hayakupungua. Ilihisi kwamba madereva walikuwa wakiishusha simu mapajani wasionekane, na macho yakaifuata huko chini.

Wapo wanaosema kumgeukia mpigaji ni kumpa dereva kisingizio. Nawaelewa, kwani usukani uko mikononi mwake na sheria lazima imshike yeye. Lakini spika za masikioni nazo si dawa, maana mazungumzo yenyewe huiteka akili hata mikono ikiwa huru. Inabaki simu isipigwe.

Simu nyingi leo zina mpangilio wa kuzima milio gari likitembea, na baadhi humjibu anayemtafuta kwamba mwenyewe anaendesha. Familia ikubaliane kuuwasha kabla ya safari, na mwajiri anayemkabidhi kijana gari asidai kupokelewa akiwa njiani. Bei ya makubaliano hayo ni mzazi kukaa nusu saa bila kujua mwanawe yuko wapi, na kwa wazazi wengi hiyo si bei ndogo.