Vita vya Tanga kwenye simu: kucheza visanamu kwa mbali kunalipa au tunajichosha tu?

Usiku mmoja mwaka jana nilikuwa nimeinama juu ya meza ya plaiwudi sebuleni kwangu hapa Chumbageni, simu nimeifunga kwa kamba kwenye mpini wa fagio uliolala juu ya migongo ya viti viwili, jamaa yangu wa Mombasa ananiambia kwenye spika, "Yakhe, ule mzinga usogeze mpaka ukingoni mwa shamba la mpira." Nikausogeza. Baada ya dakika kumi ugomvi umewaka, kumbe mwenzangu alimaanisha mzinga wa kurushia makombora, na mimi nimemhamishia mzinga wa nyuki.

Msicheke, kwenye vita vya Tanga vya Novemba 1914, Mwingereza alipokuja kumnyang'anya Mjerumani mji huu, mizinga yote miwili ina maana yake. Wa nyuki ndio unaokumbukwa na wengi, nyuki waliokuwa wamefugwa juu ya miti wakachokozwa na risasi wakatoka na hasira zao, kikosi cha Wahindi wa jeshi la Mwingereza, 98th Infantry, kikatawanyika, halafu Waingereza wengine wakaja kusema ule ulikuwa mtego wa Mjerumani. Mtego gani, na Wajerumani wenyewe waliumwa hadi watu wa bombomu zao (ndivyo bunduki za rashasha zilivyoitwa enzi hizo) wakaziacha.

Sasa kwa asiyejua tunachocheza. Unachukua vita vilivyowahi kupiganwa kweli, unatengeneza uwanja wake mezani, unapanga visanamu vya askari, wengine wanatumia vya milimita 28, wengine 15, wengine 6 kabisa ukikohoa vinaruka, halafu kila upande unasogeza kwa zamu, unapima kwa futikamba, unarusha dadu kujua nani kapigwa na nani kakimbia. Wenye hela zao wanaagiza vya madini na kuvipaka rangi kimoja kimoja. Sisi tulianza na vya karatasi, unaprinti stationari, unabandika kwenye boksi, unakata na wembe. Minazi yangu ni njiti za chelewa zilizovalishwa karatasi ya kijani, mkonge ni nywele za brashi ya kufulia, na bahari ni kanga kuukuu ya bluu ya mama watoto ambayo mpaka leo ananidai.

Tulikuwa wanne hapahapa Tanga. Maisha yakatutawanya, mmoja Mombasa, mmoja anafundisha Mwanza, mmoja yuko Muscat kwenye kazi za magari, nikabaki mimi na meza. Ndiyo tukaanza kucheza kwa mbali, na ndiyo ukazuka ubishi ninaotaka kuuchambua hapa, maana kuna mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu wa reli, huwa anakuja kututazama na anasema wazi kwamba hiki tunachofanya siku hizi sio mchezo. "Mjomba, vita vya mezani ni macho na mkono," ananiambia, "wewe umewapa wenzako masikio matupu."

Nianze na upande wake kwa sababu ana hoja, tena kubwa kuliko watu wa intaneti wanavyotaka kukubali. Tazama hesabu yenyewe. Jenerali Aitken wa Mwingereza alikuja na watu kama 8,000, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na kama 1,000. Ukisema kisanamu kimoja ni watu 20, unapata 400 upande wa Mwingereza na 50 upande wa Mjerumani. Hao 400 nani anawasogeza? Mimi! Jamaa wa Mombasa amekaa na kahawa yake na tende anasema "kikosi chote cha kushoto mbele inchi sita", basi mimi mgongo unauma, nasogeza, napima, narusha dadu zake, narusha za mpinzani wake, natoa maiti, halafu ananiuliza eti yule wa tatu kutoka kulia anaona nyumba ya forodha au haoni. Sasa kamera iko juu, picha imepinda pembeni, ukitazama kwenye simu kisanamu kinaonekana kimegusa ukuta kumbe mezani kuna nafasi ya kidole kizima katikati. Ubishi wetu karibu wote wa mwaka wa kwanza ulianzia hapo, kwenye pembe ya kamera.

Watu wanapenda kulinganisha na bao, wanasema mbona bao unaweza kumchezesha mtu kwa simu. Ni kweli unaweza, lakini bao ni mashimo 32 na kete 64, ukitaja shimo na upande umemaliza, hakuna cha robo shimo wala cha kuona nusu. Visanamu havina mashimo. Tulijaribu kuitengenezea meza mashimo yake, nikachora miraba kwa chaki, A mpaka L huku na namba kule, ikawa "Rajputs (kikosi kingine cha Wahindi) kutoka D4 kwenda E5". Ubishi ulipungua sana, nakubali, ila kitu fulani kikafa. Askari wakawa wanaruka kama chura kutoka mraba hadi mraba, na ile raha ya kupenyeza kikosi kwenye kaupenyo kati ya minazi na ukuta ikaisha.

Na bando jamani. Video ya masaa manne mnajua inavyokula. Mara mbili bando liliniishia katikati ya shambulio, mara moja umeme ulikatika nikabaki gizani na jeshi la watu wawili wasionisikia, na paka.

Kuna wanaosema suluhisho ni programu za kompyuta. Zipo, Vassal ni ya bure na ina miaka mingi, Tabletop Simulator ni ya kulipia nayo ilitoka rasmi 2015, kila mtu anasogeza vyake mwenyewe, dadu zinarushwa na mashine hakuna wa kumshuku mwenzake. Kwa mtu asiye na meza wala nafasi sizipingi. Ila mimi nimekaa miezi miwili nikikata na kupaka rangi wale Kashmir Rifles, askari wa Kashmir waliopigana upande wa Mwingereza, mmoja mmoja, sasa uniambie niwaache kabatini nikasogeze picha kwa kipanya? Hapo namuunga mkono mzee wa reli mia kwa mia, naendelea.

Upande wa pili sasa, na hapa ndipo nilipobadilika mawazo mwenyewe. Ukikaa mezani unaona kila kitu. Aitken mezani anaona bombomu za Mjerumani ziko wapi, anaona askari wa akiba wa Lettow ni wachache, anajua mjini kuna watu wangapi. Yule Aitken wa kweli hakuona hata kimoja. Kisa chenyewe kilianza kwa kutojua: tarehe 2 Novemba meli ya kivita HMS Fox ikaja mpaka bandarini kuwaambia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamevunjwa, nahodha akauliza kama bandarini kumetegwa mabomu, akajibiwa ndiyo, kukapotezwa muda kusaka mabomu ambayo hayakuwepo, jeshi likaenda kushushwa pembeni huko Raskazone, na Lettow naye huku anawaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Tarehe 4 shambulio kubwa likagonga ukuta, tarehe 5 wakarudi melini wakaacha nyuma bombomu, mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa. Upande wa Mwingereza zaidi ya watu 800 waliuawa au kujeruhiwa, upande wa Mjerumani waliokufa kama 70, wengi wao askari weusi. Sasa vita vya namna hiyo ukivicheza huku wote mnatazama meza moja chini ya taa, mnacheza kitu kingine kabisa.

Na wala sio ugunduzi wetu. Kule Prussia, Ujerumani ya zamani, mwaka 1824 Luteni Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita kwa maofisa, wa kuchezewa kwenye ramani, na wachezaji waliandika amri kwenye karatasi wakampa mwamuzi, mwamuzi ndiye anajua yote na anamwambia kila mmoja kile tu ambacho angeweza kukiona. Tazama hiyo vizuri. Karatasi, mjumbe, kungoja jibu. Hiyo ni WhatsApp, imekosa tu tiki za bluu.

Kwa hiyo mara ya pili tulipocheza Tanga nikaitoa kamera kabisa. Nikawa mwamuzi, meza naiona mimi peke yangu. Wa Mombasa Aitken, wa Muscat chini yake anaongoza kikosi kilichokaribia mji, Mwalimu wa Mwanza ndiye Lettow. Aitken nikampa ramani ya mkono tu, mbaya. Lakini Lettow usiku ule wa kuamkia vita alipanda baiskeli akapita mjini mpaka bandarini kukagua mwenyewe, mwenyewe ameliandika hilo, basi nikaona haki ni haki. Nikapanda baiskeli saa kumi na moja jioni, simu mfuko wa shati kamera inachungulia, nikampigia Mwalimu video kuanzia stesheni.

"Kaka taratibu," ananiambia, "hapo reli iko chini ya barabara au sawasawa?" Nashuka, nasimama pembeni ya reli, nainamisha shati ili aone. Mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga akanitazama weee, mwisho akauliza, "Baba, mnapima viwanja?" Nikamjibu hapana mama, tunapigana. Akanisogezea kiti. Mwalimu kule Mwanza kacheka mpaka mtandao ukakata, lakini alikuwa ameshaona alichotaka, bombomu zake nne zote akazipanga kufuata reli.

Mombasa alipokuja kugundua kwamba mwenzake kaonyeshwa mji mzima na yeye kapewa kikaratasi, alinuna siku mbili. "Huu ni uonevu." Nikamwambia sio mimi niliyekuonea, ni Aitken, yeye ndiye hakutuma watu wakapeleleze vizuri. Bado naona nilikuwa sahihi, ingawa nakiri nilifurahia kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mwamuzi.

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Muscat akapenya, kama walivyopenya kweli baadhi ya Wakashmiri na Waingereza wa Loyal North Lancashire mwaka ule, akafika forodhani akaandika, "Nimeingia mjini, niletee watu haraka." Kanuni yetu ni kwamba ujumbe unapita kwangu na naukalia zamu tatu kwa sababu tarishi anatembea kwa miguu tena chini ya risasi. Wakati naukalia, Mombasa ambaye anaona tu ripoti za watu wanaokimbia upande wa kushoto, akaamuru wote warudi ufukweni. Nilikuwa na ujumbe mmoja mkononi wa mtu anayeshinda na mwingine wa bosi wake anayekata tamaa, na siruhusiwi kusema neno. Miaka yote ya kusogeza visanamu sijawahi kupata ile hali mezani, hata mara moja.

Bando? Maandishi tu, karibu bure. Umeme ukikatika hakuna kilichopotea. Muscat yuko mbele yetu saa moja na kazi zake za zamu, anajibu akipata nafasi.

Ila msidhani ni asali tupu. Mchezo uliochukua usiku mmoja zamani ulituchukua siku tisa, ukifika siku ya sita watu wamesahau walichoamuru, mmoja anajibu "ok" kwa swali la kushoto au kulia. Halafu wote tunajua historia, kila mtu anajua nyuki wako wapi, ikanibidi niwahamishe kimyakimya bila kumwambia mtu, na hilo wengine wataliita udanganyifu. Kubwa kuliko yote, wale visanamu. Wamesimama mezani siku tisa, wamepangwa wakapendeza, ameviona nani? Mimi na mzee wa reli. Wenzangu walipata picha mwisho, moto umeshazimika.

Kwa hiyo mimi nimeishia hapa: vita vikubwa vya makamanda wasioonana, kwa mbali ni bora, tena bora kuliko meza, na visichezwe kwa video, vichezwe kwa ujumbe na mwamuzi mkali asiye na huruma. Vita vidogo vya askari ishirini wanaoviziana kwenye mkonge, hivyo tusijidanganye, mngoje mtu aje Idd mkae naye meza moja. Hii ya katikati tunayoipenda wengi, kamera juu ya meza na mwenye nyumba kageuzwa kibarua, ndiyo mbaya kuliko zote. Mzee wa reli nimemwambia hivyo, akasema nusu ya kwanza hajaielewa, akaomba amsogeze Gurkha mmoja (askari wa asili ya Nepal) kwa mkono wake. Nikamruhusu.

Sasa hivi tunapanga vita vya Jassin, kule pwani mpakani na Kenya, Januari 1915, pale Lettow alishinda lakini risasi karibu 200,000 zikateketea na maofisa wake wakafa mpaka akaona vita vya uso kwa uso kama vile hataviweza tena. Mombasa safari hii anataka yeye ndiye awe Lettow na anadai naye apelekwe na baiskeli. Nikamwambia yakhe, Jassin sio Raskazone, baiskeli yangu haifiki, wewe ndiye uko upande wa Vanga, panda matatu uende ukajipigie video mwenyewe. Tangu Jumatano tiki mbili za bluu, kimya.