Paneli za Sola Juu ya Kanisa la King's College

Mwaka 2023 paa la kanisa la King's College, chuo cha Cambridge, Uingereza, lilifungwa paneli 438 za sola. Historic England, taasisi inayoishauri serikali kuhusu majengo ya kale, ilikuwa imepinga: sura ya jengo ingeharibika. Chuo kikasema hakiwezi kuhubiri utunzaji wa mazingira huku kikiliacha paa lake kubwa likae bure. Halmashauri ya jiji ikatoa kibali.

Wapinzani wana hoja nzito. Kanisa hili lina urefu wa mita 88 toka mwisho mmoja hadi mwingine, na mstari wake wa juu unaonekana toka mbali. Isitoshe, umeme unaopatikana ni sehemu ndogo tu ya mahitaji ya chuo.

Ila wanaotaka libaki kama waasisi walivyoliacha, niwaulize: mwasisi yupi? Mfalme Henry VI aliweka jiwe la msingi mwaka 1446 na akaagiza nakshi zisizidi. Mwaka 1461 akang'olewa madarakani, kazi ikasimama. Hadi leo ukutani unauona mpaka wa msiba ule: mawe meupe ya Yorkshire yanakoma, yanafuata mengine yaliyokolea rangi. Akina Tudor, ukoo wa kifalme wa baadaye, walipolimalizia, agizo la kiasi walilitupa. Upande wa magharibi wakaujaza waridi, mazimwi na mbwa wa kuchonga, kila kimoja kikitangaza ukoo wao. Mwashi John Wastell akajenga lile dari la ajabu, 1512 hadi 1515, mbavu zake za mawe zikifunguka kama pepeo. Kwenye kizigeu cha mbao zikachongwa herufi za majina ya Mfalme Henry VIII na mkewe Anne Boleyn. Anne akakatwa kichwa mwaka 1536. Herufi zake zipo.

Uchungu wangu mimi uko kwingine. Miaka ya 1960, ili mchoro wa msanii Rubens uenee nyuma ya altare, sakafu ya upande wa mashariki ilishushwa. Hilo liligusa mwili wa jengo lenyewe. Paneli hazikugusa dari la Wastell: juu yake kuna paa jingine la mbao lililoezekwa kwa madini ya risasi, na ndilo lililozibeba. Zikichakaa zitafunguliwa.

Kwa hiyo nawaunga mkono waliozifunga, kwa sharti moja: kibali hiki kisigeuzwe ruhusa ya jumla. Kanisa lenye paa la mwinuko mkali, ambako kila paneli ingeonekana toka barabarani, lina kesi yake tofauti kabisa.