Picha 14 Kati ya 212

Nilipanda daladala kwenda Upanga nikiwa na bahasha ya kaki yenye picha 212, zote za soko la samaki la Feri, nimezisafisha kwa ukubwa wa postikadi. Zilikuwa kazi ya miezi minne ya kuamka kabla ya adhana, na moyoni niliamini hakuna ya kutupa. Dada mmoja aliyewahi kuhariri picha za jarida, na ambaye siku hizi anaandaa maonyesho, alikubali kuzitazama. Akazimwaga mezani, akavua viatu, akaanza kuizunguka meza. Karibu saa nzima hakusema neno. Alikuwa akizisogeza kwa kidole kimoja: hii huku, hii kule, hii ilale kifudifudi. Ile ya jua likichomoza nyuma ya ngalawa, niliyoipenda kuliko zote, ndiyo ilitangulia kulala kifudifudi.

Zilibaki 14. Mojawapo ilikuwa ya mpara samaki: mikono na nusu ya uso, magamba yamemganda hadi kwenye nyusi. Mimi niliihesabu kama imeharibika kwa kuwa kichwa kimekatwa. Dada akaiweka ubavuni mwa picha ya dalali wa mnada aliyeinua mkono, na hapo hapo zile mbili zikaanza kuzungumza. Mkono mmoja unataja bei, mwingine unafanya kazi bei ikishatajwa. Nilikuwa nimepiga zote mbili, lakini hayo sikuyaona.

Wapiga picha Dar tumejaa. Kila harusi ina watatu, kila mwenye simu ni wa nne. Tunaowakosa ni wa kuchagua, wa kupanga na wa kutunza, na naona uchungu tunavyoichukulia kazi hiyo kama kitu cha kusaidiana tu. Maonyesho yakiandaliwa, fungu la fremu lipo, la mabango lipo, la vinywaji vya siku ya ufunguzi lipo. Yule wa kuchagua picha anaambiwa, "Tusaidie basi, ndugu yetu, siku moja tu." Siku moja! Mhariri wa picha, au kyureta kama wengi wetu tunavyomwita akihamia ukutani, anaanza kazi miezi kabla msumari wa kwanza haujagongwa. Anatafuta nani alipiga, nani amepigwa, lini, kwa ruhusa gani. Anaamua ipi itangulie ili ya pili ieleweke. Anaandika yale maneno machache ya chini ya picha, ambayo kwangu ndiyo magumu kuliko yote.

Magumu kwa sababu yakikosewa, mtu anapotea. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta wa Mali zilionyeshwa New York bila jina lake, mpiga picha akitajwa kuwa hajulikani. Keïta wakati huo alikuwa hai, yuko Bamako, mji ule ule alikofungua studio yake mwaka 1948. Watu wa mjini walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwake kwa miaka, wamevaa nguo zao nzuri kabisa. Hakuwa amejificha. Ilibidi André Magnin, aliyekuwa akikusanya kazi za wasanii wa Afrika, asafiri hadi Mali kumtafuta. Safari hiyo moja na maswali ya mtaani ndiyo yaliyorudisha jina kwenye picha.

Ukitazama waliofanya kazi hii kwa heshima barani kwetu, wengi walianzia jaridani. Okwui Enwezor alitoka Nigeria kwenda Marekani mwaka 1982, akasomea siasa, akaandika mashairi. Mwaka 1994 akaanzisha Nka, jarida la sanaa ya kisasa ya Afrika. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa waliochagua maonyesho ya jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, yaliyokusanya wapiga picha 30 wa Afrika, kuanzia mwaka 1940. Mwaka 2002 akaongoza Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, wa kwanza asiye Mzungu wa Ulaya kupewa kazi hiyo. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 55. Simon Njami naye alikuwa mmoja wa walioanzisha jarida la Revue Noire mjini Paris mwaka 1991, kabla ya kuja kuongoza maonyesho ya picha ya Bamako.

Sidhani ilitokea tu. Jarida lina kurasa za kuhesabika, na ukurasa ukijaa umejaa. Unajifunza kuacha picha nzuri kwa ajili ya picha inayohitajika. Unajifunza kwamba ukurasa wa kushoto unamjibu wa kulia. Kwenye simu hatujifunzi hayo, maana hakuna ukurasa unaojaa.

Na sisi Dar tuna mwanzo wa kujivunia. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyekuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapa hapa Dar mwaka 1963. Tuna kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni, tuna kuta. Lakini hata kwenye kuta hizi jina hupotea. Nimewahi kuikuta picha yangu ya yule dalali kwenye maonyesho mjini, chini yake imeandikwa "Mvuvi, Tanzania". Mtu yule hajawahi kuvua samaki maishani mwake, anauza kwa mdomo, na Feri nzima inamjua. Nilisimama pale nikaona aibu mbele yake ingawa hakuwepo.

Dada wa Upanga alikataa kutundika picha ya mpara samaki mpaka nilete jina. Mimi sikuwa nimeuliza. Nikarudi Feri na picha mfukoni, asubuhi mbili sikumpata, nikaambiwa amekwenda msibani. Siku ya tatu nikamkuta, ndoo miguuni, kisu mkononi. Akafuta vidole kwenye kanga iliyofungwa kiunoni, akaishika picha pembeni kwa uangalifu, akauliza itawekwa wapi. Nikamwambia. Akaomba kalamu. Akaigeuza, akaandika nyuma majina yake matatu, akafikiri kidogo, akaongeza na kijiji alikozaliwa.